Namba, Istilahi na Alama ya Biashara: Historia ya Majina ya Vichakataji vya Intel

Katika kazi ya kusanifu istilahi kuna swali moja ambalo hutujia mara kwa mara kutoka kwa wafasiri, walimu na maofisa wa serikali, nalo ni hili: neno lililoandikwa juu ya chombo ni istilahi ya kutafsiriwa, au ni jina la kuachwa kama lilivyo? Kwa vyombo vingi jibu ni jepesi. Hakuna atakayejaribu kutafsiri neno Toyota. Lakini wapo vyombo ambavyo majina yake yametangatanga baina ya hali hizo mbili, leo istilahi, kesho jina la biashara, na keshokutwa istilahi tena. Makala haya yanakusudia kueleza historia ya kundi moja la majina ya namna hiyo, yaani majina ambayo kampuni ya Intel ya Marekani imevipa vichakataji vyake tangu mwaka 1971. Tumeichagua kampuni hii kwa sababu kisa chake kilifikishwa mahakamani, na jaji akalazimika kuamua jambo ambalo sisi huliamua mezani: kama tamko fulani lataja aina ya kitu, au lataja mwenye kitu.

Kwanza tuelewane juu ya neno kichakataji. Ni kile chombo kilichomo ndani ya kompyuta ambacho hupokea amri za programu na kuzitekeleza. Hujengwa juu ya kipande kidogo cha silikoni, na kipande hicho ndicho kiitwacho chipu. Wapo wasemao prosesa, nasi hatuna ugomvi nao.

Intel iliundwa huko California mwezi Julai 1968 na Robert Noyce na Gordon Moore. Jina lake limetokana na kuunganisha vipande vya maneno mawili ya Kiingereza yenye maana ya elektroniki zilizounganishwa. Bidhaa zake za kwanza zilikuwa chipu za kumbukumbu, na majina yake yalikuwa namba tupu: 3101 mwaka 1969, 1103 mwaka 1970. Namba hizo hazikutolewa ovyo. Tarakimu ya kwanza ilionyesha namna chipu ilivyotengenezwa kiwandani, ya pili ilionyesha kazi yake, na mbili za mwisho zilihesabu tu zamu yake miongoni mwa nyingine za aina hiyo. Aliyeijua kanuni aliweza kuisoma namba kama fundi asomavyo mchoro. Asiyeijua aliona tarakimu nne.

Aliyeivunja kanuni hiyo alikuwa mhandisi. Kampuni ya Kijapani iitwayo Busicom ilikuwa imeagiza chipu kwa ajili ya mashine zake za kukokotolea hesabu, na kazi hiyo ikazaa chipu nne zilizopaswa kufanya kazi pamoja. Kwa kanuni ya zamani zingeitwa 1302, 1105, 1507 na 1202. Federico Faggin, Mwitalia aliyeongoza usanifu wake, aliona kwamba namba zilizotawanyika hivyo zingemficha mnunuzi jambo kubwa kuliko yote, kwamba chipu hizo ni ndugu wa nyumba moja. Akaziita 4001, 4002, 4003 na 4004. Ya kwanza ilihifadhi programu, ya pili ilihifadhi data, ya tatu ilisaidia kupeleka matokeo nje, na ya nne, 4004, ndiyo iliyokuwa kichakataji chenyewe. Ilitangazwa Novemba 1971, ikiwa na transista 2,300, na ilishughulikia biti 4 kwa wakati mmoja.

Mwandishi wa makala haya anaona kwamba hapa Faggin alifanya kazi ya mwanaistilahi, hata kama hakujiita hivyo. Istilahi njema hudhihirisha ujamaa wa mambo kwa umbo lake. Kwa Kiswahili, msemaji, msemo, usemi na msemewa havihitaji kuelezwa kwamba ni wa mzizi mmoja. Mfululizo wa 4000 ulifanya vivyo hivyo kwa tarakimu.

Mwaka 1972 kikafuata kichakataji cha biti 8. Katika hatua za kwanza kiliitwa 1201, kwa ile kanuni ya zamani, lakini kilipotoka kiwandani kiliitwa 8008, ambayo ni 4004 mara mbili. Kisha ikaja 8080 mwaka 1974, na 8086 mwaka 1978. Msomaji aangalie kilichotokea katika hii ya mwisho. 8086 kilikuwa cha biti 16, lakini tarakimu iliyotangulia ilibaki 8. Namba ilikuwa imeacha kueleza kitu na kuwa jina la ukoo, kama mtoto aitwaye Juma kwa heshima ya babu yake, ingawa yeye mwenyewe alizaliwa Jumanne. Wana wa 8086 wakaendelea kuitwa hivyo: 80186 na 80286 mwaka 1982, 80386 mwaka 1985, 80486 mwaka 1989. Wasemaji nao, kwa desturi ya wasemaji wa lugha zote, walikata kilichozidi, wakasema 286, 386 na 486.

Katikati ya miaka hiyo Intel ilijaribu kuleta utaratibu mpya. Nyaraka zake za mwanzo wa miaka ya 1980 ziliandika iAPX 86 mahali pa 8086, na iAPX 286 mahali pa 80286. Kichakataji kimoja kilichokuwa na mwundo mwingine kabisa, iAPX 432, kilitoka kwa jina hilo mwaka 1981 na hakikufanikiwa sokoni. Wahandisi na wauzaji waliendelea kusema 8086 na 286 kana kwamba hakuna kilichotangazwa, na baada ya miaka michache kampuni yenyewe ikaliacha jina lake. Wenzetu waliowahi kupendekeza ngamizi mahali pa kompyuta watakielewa kisa hiki bila ya kuelezwa zaidi.

Sasa tufike kwenye kiini cha mambo. Kwa nini namba 8086 ilitumiwa na watu wengi, wakati chombo kilibuniwa na kampuni moja? Sababu ilikuwa ya kibiashara. Mnunuzi mkubwa wa chipu hakupenda kumtegemea mtengenezaji mmoja, kwa kuwa kiwanda kikisimama naye atasimama. IBM ilipochagua 8088, nduguye 8086, kwa ajili ya kompyuta yake ya mwaka 1981, ilitaka uhakika kwamba yupo mtengenezaji wa pili. Intel ikatoa leseni kwa kampuni nyingine, na mashuhuri kati ya hizo ni AMD, ambayo iliingia nayo mkataba wa kubadilishana teknolojia mwaka 1982. Chipu ya AMD iliandikwa namba ile ile, na hilo halikuwa wizi. Namba ndiyo iliyomhakikishia mnunuzi kwamba chipu hii itakaa pale ilipokaa ile na kuelewa amri zile zile. Fundi wa gereji akiagiza spana namba 13 hatarajii kuulizwa ni ya kampuni gani. Kumi na tatu ni kipimo, na kipimo hakina mwenyewe.

Ilipotoka 386 mwaka 1985, Intel ilibadili nia. Iliamua kuitengeneza peke yake na kutompa AMD leseni ya kichakataji hicho. AMD haikuridhika. Ikasanifu chipu yake yenye kuelewa amri zile zile, ikakusudia kuiita Am386. Intel ilikuwa imekwisha anza kuweka herufi i mbele ya namba na kuandika i386 na i486, tena ikadai kwamba 386 ni alama yake ya biashara. Shauri likaenda katika mahakama ya shirikisho huko California ya Kaskazini, na mwaka 1991 likaamuliwa. Jaji aliona kwamba 386 lilikuwa limekuwa jina la jumla, linalotaja aina ya kichakataji na si chimbuko lake, hivyo haliwezi kumilikiwa. Am386 ikaingia sokoni mwaka ule ule.

Kisheria hukumu hiyo haikuwa ngeni. Huko Marekani neno aspirini lilikwisha tangazwa kuwa la wote mwaka 1921, ingawa Kanada hadi leo ni alama ya Bayer. Nasi tunayo maneno yetu ya namna hiyo: muulize mwenye duka akupe kiwi ya viatu, naye huenda akakupa rangi ya kampuni nyingine kabisa bila ya yeyote kati yenu kuona ajabu. Upya wa hukumu ya 1991 ulikuwa katika somo ambalo Intel ililipata humo. Kwa miaka ishirini kampuni ilikuwa imetumia vyema majina yenye sifa zote za istilahi: mafupi, yenye mpangilio, yasiyo na hisia, yanayofahamika kila mahali. Sifa hizo hizo ndizo zilizoyafanya yasiweze kulindwa.

Ndipo kampuni ilipogeuka upande wa pili. Mwaka huo huo wa 1991 ilianzisha kampeni ya Intel Inside, yaani Intel imo ndani, ambayo kwayo iliwalipa watengenezaji wa kompyuta sehemu ya gharama za matangazo ikiwa wataonyesha alama yake. Chombo ambacho mnunuzi hakukiona kamwe kikaanza kuwa na jina mlangoni. Na kichakataji kilichofuata 486, ambacho kila mtu alikwisha kukiita 586 kabla hakijazaliwa, kilitolewa Machi 1993 kwa jina la Pentium.

Jina hilo lilitungwa na kampuni ya Lexicon Branding ya California, ambayo kazi yake ni kubuni majina. Yafaa tulipasue kidogo. Penta ni tano kwa Kigiriki, maana kilikuwa kizazi cha tano cha ukoo wa 8086. Kiishio -ium ndicho kile cha elementi za kikemia kama kalsiamu, radiamu na urani katika asili yao ya Kilatini, na humfanya msikiaji adhani kwamba anatajiwa kitu cha asili, safi, kisichoweza kugawanyika. Kwa hiyo tano iliyokatazwa kuandikwa kwa tarakimu iliingizwa kwa mlango wa Kigiriki. Mahakama haikuwa na la kusema, kwa sababu hakuna aliyekuwa akitumia neno Pentium kutaja chochote kabla ya hapo. Hapa pana tofauti kamili baina ya kazi yetu na kazi ya Lexicon. Sisi hutafuta neno ambalo, likisikika mara ya kwanza, litamwongoza msikiaji kwenye dhana. Wao hutafuta neno ambalo litampeleka kwa mwenye mali na si penginepo.

Lakini jina lililomilikiwa hubeba lawama pamoja na sifa. Mwaka 1994 iligunduliwa kwamba Pentium ilikosea katika baadhi ya hesabu za kugawanya namba zenye desimali. Kosa lilikuwa nadra, na kampuni kwanza ilitaka kuwabadilishia wale tu watakaothibitisha kwamba linawadhuru. Kelele zikawa kubwa, na mwezi Desemba ikakubali kumbadilishia yeyote atakayeomba. Hesabu zake zilibeba gharama ya dola milioni 475. Lau chipu ile ingeitwa 586, na wengine watatu wakawa wanatengeneza 586 zao, yamkini lawama ingetawanyika. Jina Pentium lilijulisha mara moja ni mlango gani wa kubisha.

Tatizo jingine la jina hilo lilikuwa la kihesabu. Baada ya tano huja sita, na sita ya Kigiriki au ya Kilatini isingelikuwa Pentium. Intel ilikuwa imetumia fedha nyingi mno kulifundisha jina kwa dunia nzima hata isiweze kulitupa baada ya miaka miwili. Kizazi cha sita kikaitwa Pentium Pro mwaka 1995, kisha Pentium II mwaka 1997, Pentium III mwaka 1999 na Pentium 4 mwaka 2000. Ukilitafsiri neno kwa neno, Pentium 4 ni ya tano ya nne. Hakuna aliyecheka, kwa sababu hakuna aliyesikia tano tena. Neno lilikuwa limekufa maana na kubaki jina. Katika miji yetu wauzaji wa kompyuta zilizotumika waliandika kwa chaki P3 na P4, na mnunuzi alielewa. Namba ilikuwa imerudi.

Majina mengine tutayapitia kwa haraka. Celeron, la mwaka 1998, kwa vichakataji vya bei nafuu, lanasibishwa na neno la Kilatini lenye maana ya wepesi wa mwendo. Xeon, la mwaka huo huo, ni la kompyuta za kuhudumia mitandao. Centrino, la mwaka 2003, lilitaja mkusanyiko wa chipu kadhaa na kifaa cha mawasiliano yasiyo na waya, wala halikuwa jina la kichakataji, jambo lililowapotosha wafasiri wengi. MMX lina kichekesho chake: wengi waliliona kuwa kifupisho, lakini Intel ilishikilia kwamba halifupishi neno lolote, maana kifupisho cha maneno ya kawaida ni vigumu kumilikiwa. Mwaka 1997 iliwashitaki AMD na Cyrix kwa ajili ya herufi hizo tatu.

Ama majina ya siri, yaani yale ambayo wahandisi hutumia kabla bidhaa haijatangazwa, ndiyo yanayompendeza zaidi mwandishi huyu. Hayo yalichukuliwa aghalabu kutoka kwenye ramani. Klamath na Willamette ni mito ya Oregon, ambako Intel ina viwanda vikubwa. La kwanza likawa Pentium II na la pili Pentium 4. Kikosi cha Haifa nchini Israel kilipopewa kazi kikaleta Banias na Dothan, majina ya mahali pa eneo hilo. Jina la mto ni la wote, hakuna atakayekwenda mahakamani kulidai. Hivyo ndani ya kampuni moja palikuwa na desturi mbili: nje majina yasiyo ya mtu mwingine, ndani majina yasiyo ya mtu yeyote.

Kwa watumishi wa serikali, jambo hili lilipata uzito wa pekee mwaka 2004. Tume ya Ulaya ilizihoji Ujerumani na Italia kwa sababu baadhi ya ofisi zao za umma zilitangaza zabuni za kompyuta zikitaka kichakataji cha Intel kwa jina, au zikitaja idadi maalumu ya mapigo ya kichakataji kwa sekunde, ambayo hupimwa kwa megahezi. Kutaja jina kuliwafungia nje watengenezaji wengine. Kutaja mapigo nako hakukuwa salama, kwa kuwa Pentium 4 ilisanifiwa iwe na mapigo mengi, hali chipu za AMD za wakati ule zilifanya kazi kubwa zaidi katika kila pigo. Kipimo kilichoonekana hakina mwenyewe kilikuwa kinamwelekea mmoja.

Hapa mwandishi anapenda kusema bila ya kuzunguka. Mtumishi anayeandika katika hati ya zabuni kwamba idara inahitaji "Pentium ishirini" hajataja mahitaji ya idara, amemtaja muuzaji. Naye mfasiri anayeigeuza hati hiyo kwa Kiswahili akaandika Pentium palipoandikwa Pentium ametafsiri kwa uaminifu, lakini yampasa amrudie mwandishi na kumuuliza kama alikusudia kichakataji. Swali hilo la maneno lina bei ya shilingi ndani yake.

Mwaka 2006 Intel ililishusha jina Pentium kutoka kileleni na kuleta Core, neno la kawaida la Kiingereza lenye maana ya kiini. Mafundi walikuwa wakilitumia tayari kutaja kila sehemu ya kichakataji inayoweza kutekeleza programu peke yake. Matokeo yake ni kwamba mwalimu wa kompyuta hulazimika kueleza kwamba Core moja ina core nne. Kwa Kiswahili tuna nafuu: tukiandika kiini kwa dhana na Core kwa jina, mkanganyiko unakwisha. Kisha kuanzia 2008 zikaja Core i7, Core i5 na Core i3. Wanafunzi wengi hudhani kwamba i7 ina viini saba. Haina, tarakimu hizo huonyesha daraja tu, chini, kati na juu. Na AMD ilipotoa vichakataji vyake vya Ryzen mwaka 2017, iliviita Ryzen 7, Ryzen 5 na Ryzen 3. Safari hii hakuna hukumu mpya iliyohitajika juu ya nani mwenye saba.

Mwaka 2023 kampuni iliiondoa ile herufi i katika majina yake mapya na kuleta Core Ultra. Mabadiliko yanayotugusa zaidi yalitangazwa Septemba 2022: kwamba kuanzia 2023 majina Pentium na Celeron yangeondoka katika kompyuta mpakato, na vichakataji vya bei nafuu vilivyokuwa vikiyabeba vingeitwa Intel Processor. Yaani istilahi ile ile ya jumla, imevikwa herufi kubwa na kufanywa jina la bidhaa. Mfasiri akiandika kichakataji cha Intel, msomaji ataelewa kichakataji chochote cha kampuni hiyo, Core na Xeon zikiwamo. Akiliacha kama lilivyo, atakuwa ameacha bila kutafsiri neno ambalo Kiswahili kinalo. Mwandishi anapendekeza tuandike "kichakataji cha daraja la Intel Processor", na herufi kubwa zisiachwe.